Kompyuta yetu itabadilishwa siku gani?



Kuna ulizo moja ninalolisikia kila juma mbele ya mlango wa chumba cha kompyuta. Wanafunzi wa Komersiali wanauliza wakingoja zamu yao. Wadogo wetu wanauliza wakichungulia dirishani. Juzi mama mmoja aliyekuja kulipa minervali alimwuliza mlinzi: "Papa, ile ordinatere ya masomo bataibadilisha siku gani?" Mlinzi akajibu: "Mama, miye najua mulango tu, mambo ya ndani sijue."

Nilicheka, lakini nyuma nilifikiri sana. Jibu la mlinzi lilikuwa la kweli kuliko majibu yetu sisi wanafunzi, maana sisi pia hatujui, lakini tunajibu.

Sikilizeni tu majibu yenyewe. Kundi la kwanza wanasema: "Itabadilishwa mwezi wa kenda, masomo yakifunguliwa." Walisema vile katika 2024, wakasema vile katika 2025, na sasa tuko katika 2026 wanaendelea kusema vile. Kundi la pili wanangojea kontena kutoka kwa marafiki wa Ulaya. Kundi la tatu wanangojea kampuni ya migodi ipite siku moja na gari lake, ishushe masanduku mapya, ipige picha, iende. Kundi la nne ni watu wa hesabu: wanasema sanduku la mchango likijaa, komite ya wazazi itanunua.

Mimi ninaona kwamba makundi yote manne yanakosea mahali pamoja. Tunauliza "siku gani?" Tungeuliza "kitu gani?" Kompyuta si ng'ombe ambaye lazima umnunue mzima. Ni sanduku lenye vipande, na kila kipande kina umri wake na bei yake. Siku tutakapojua ni kipande gani kinachotuchelewesha, tutaacha kubahatisha tarehe, na tutaweza kuiweka tarehe sisi wenyewe. Ndilo neno langu lote. Sasa niruhusuni nilieleze polepole, maana feza zinazozungumzwa hapa ni za wazazi wetu.

Kwanza tuitazame mashini yenyewe. Chumba chetu kina kompyuta za mezani tatu, lakini mbili zimefunikwa kitambaa tangu zamani. Ile moja inayotumika ina prosesa ya Intel Core i3 ya kizazi cha tatu, namna iliyotoka katika 2012. Ina memori ya gigabaiti 4. Diski yake ni ile ya sahani inayozunguka. Inatumika na Windows 10. Kwa mashini hiyo wanafunzi wa Komersiali wanajifunza jedwali za hesabu, katibu wa masomo anatoa orodha za pointi, na hata gazeti hili unaloshika linapigwa kwanza humo mbele ya kutolewa nakala. Ndiyo sababu namba iliyopita ilichelewa juma mbili. Wengine walisema waandishi ni wavivu. Hapana, ndugu, tulikuwa kwenye foleni.

Mwaka wa mwisho wa Komersiali kuna wanafunzi 38. Kipindi kimoja kina dakika 50. Nilikaa mlangoni na saa ya mkononi: mashini inawashwa, inanguruma, inafikiri, na mbele ya kufungua jedwali inakula dakika saba. Zinabaki dakika 43. Gawanya kwa watu 38: kila mmoja anapata dakika moja na kidogo. Na umeme ukikatika katikati, dakika saba zinaanza tena. Katika dakika moja unaweza kuandika nini? Jina lako na jina la baba yako. Dada mmoja wa darasa hilo aliniambia: "Miye sijifunze ordinatere, miye najifunza kusimama mu mulongo." Wenzetu hawa watafanya Exetat, kisha watatafuta kazi katika ofisi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, mahali ambapo ulizo la kwanza ni: unajua kutumika na kompyuta? Basi jambo hili si la starehe.

Sasa, kwa nini kelele za "itabadilishwa siku gani" ziliongezeka tangu mwaka uliopita? Sababu iko wazi. Windows 10, iliyotoka katika 2015, iliachwa na wenyewe tarehe 14 mwezi wa kumi 2025. Maana yake si kwamba mashini zilizima siku ile. Maana yake ni kwamba kampuni ya Microsoft ilisimamisha kutuma bure matengenezo ya ulinzi kama zamani. Kwa watu wa nyumbani walifungua njia ya kuyapokea kwa masharti hadi tarehe 13 mwezi wa kumi 2026, kisha basi. Wanataka watu waende kwa Windows 11, lakini Windows 11 ina mlango mwembamba: kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane na kupanda, ambazo zilianza kutoka katika 2017, na inataka kiini kidogo cha ulinzi kinachoitwa TPM 2.0. Mashini yetu ya 2012 inafika mlangoni, inaambiwa: wewe umezeeka, rudi. Wakati huohuo bado inaweza kupiga barua, kufanya hesabu na kuonyesha picha. Imekataliwa, lakini haijafa. Haya ni mambo mawili, tusiyachanganye.

Na hapa ninataka kuwaambia wale wa kundi la pili jambo moja la kufikiri. Kampuni na masomo ya Ulaya na Marekani wana mashini nyingi zilizokataliwa mlangoni kwa sababu hiyohiyo. Wakizitoa ofisini, wanaweza kuzifanya nini? Nyingine watavunja, nyingine watauza, nyingine watatoa zawadi. Basi kontena likifika kweli, inawezekana sana ndani mwake mtakuwa dada na kaka za mashini yetu, wa kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Tutazipokea kwa furaha na shukrani, maana zawadi ni zawadi. Lakini tutakuwa na kazi ileile ya kuzitengeneza. Kama hatujajifunza kutengeneza moja, tutafanya nini na 20?

Msifikiri kwamba kubahatisha huku ni ugonjwa wa maskini peke yake. Matajiri nao wanao. Kampuni ya Apple ilijulikana kwa kompyuta kubwa ya kazi ya mezani iliyoitwa Mac Pro, ya watu wa sinema, wa muziki na wa kuchora majengo. Katika mwezi wa 12 wa 2013 walitoa moja ya umbo la duara, nyeusi, nzuri kwa macho. Nyuma wakanyamaza. 2014 hakuna, 2015 hakuna, 2016 hakuna. Watu walikuwa wanahesabu miezi na kuandika: "Itakuwa mwezi wa sita." "Hapana, itakuwa mwezi wa kumi." Katika mwezi wa nne wa 2017 wakubwa wa kampuni waliita waandishi wa habari wachache, wakakubali kwamba umbo lile liliwafunga wenyewe, na wakaahidi nyingine. Hiyo nyingine ilifika kwa wanunuzi katika mwezi wa 12 wa 2019, bei yake ikianzia dola 5.999. Miaka sita! Iliyofuata ilitoka katika mwezi wa sita wa 2023.

Watu wale walifanya nini katika miaka sita? Wengine waliendelea kubahatisha. Lakini wengi walishika zile Mac Pro za zamani za 2010 na 2012, wakafungua kifuniko, wakabadilisha diski, wakaongeza memori, wakaweka kadi mpya ya picha, wakatumika. Kazi haikusimama. Kama mtu mwenye dola 6.000 mfukoni hawezi kujua siku, mwanafunzi wa Manika au wa Dilala ataijua wapi? Kalenda ya mashini mpya iko katika mfuko wa muuzaji, na muuzaji haitoi mpaka apende.

Ninajua vizuri jibu la wale wa kundi la tatu, maana ni rafiki zangu na tunabishana kila siku njiani. Wanasema: "Shiye tunatosha kobalti, bao banatajirika nayo, na shiye tunakosa hata mashini moja!" Maneno haya yana uchungu wa kweli, sitayacheka. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika inchi yetu, na sehemu kubwa yake inatoka hapa Lualaba. Siku mbili baada ya Windows 10 kuachwa, yaani tarehe 16 mwezi wa kumi 2025, Leta yetu ilianza mpango wa kupimia kila kampuni kiasi cha kobalti inachoruhusiwa kutoa nje, nyuma ya kuzuia kabisa tangu tarehe 22 mwezi wa pili mwaka uleule. Juma lile wakubwa wa dunia walitazama upande wetu. Sisi tulikuwa tunatazama skrini inayozunguka duara bila kufunguka.

Lakini tuweke akili. Jiwe si kompyuta. Kati ya jiwe la Musonoi au la Kasulo na kompyuta kuna kusafisha, kuna viwanda, kuna meli, kuna elimu ya watu wengi. Ajabu moja niliyoijua katika somo la kemia ni hii: kompyuta ya mezani haina betri kubwa ya kobalti kama simu au kompyuta ya mkononi. Kobalti ndani yake iko mahali padogo, na pamoja ni juu ya sahani za ile diski ya kuzunguka, ambazo zinapakwa utando mwembamba sana wa chuma chenye kobalti. Humo ndimo maandishi yetu yanakaa kwa nguvu ya sumaku. Basi pengine kobalti ya kwetu ilizunguka dunia ikarudi katika chumba chetu, na imo ndani ya kipande kilekile kinachotuchelewesha!

Haki yetu tuiombe, na tuiombe kwa sauti, kwa wale wanaopaswa kusikia. Lakini kuomba haki ni kazi ya miaka, na wenzetu wa mwaka wa mwisho wanabaki na miezi. Wahenga walisema mwenye kutegemea cha ndugu anakufa maskini. Hawakusema usipokee cha ndugu. Walisema usikae bure ukikingojea.

Sasa niwaambie jambo lililonifungua macho. Mnakumbuka mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo, kompyuta ilikuwa inakataa kufungua karibu kila ukurasa wa intaneti. Habari ikaenea uwanjani: "Ile mashini inakufa sasa, lazima batalete ingine." Siku moja mwanafunzi mdogo aliyekuwa ametumwa kuchukua karatasi akatazama pembe ya skrini, akasema: "Mwalimu, mashini inasema shiye tuko mu 2012!"

Mwalimu wetu wa informatiki akakaribia, akatazama, akashika kichwa. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna kibetri cha mviringo sawa na makuta, jina lake CR2032. Kazi yake ni kushika saa na tarehe wakati umeme hauko. Chetu kilikuwa kimekwisha. Kila umeme ulipokatika, mashini ilisahau tarehe, ikarudi miaka nyuma. Na kurasa za intaneti zina vyeti vya ulinzi vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashini inayofikiri iko katika 2012 inaona vyeti vyote ni vya uongo, inakataa. Mwalimu alinunua kibetri sokoni kwa bei ya soda moja, akakiweka, akasahihisha tarehe. Kurasa zikafunguka.

Nilisimama pale nikafikiri: kompyuta yetu yenyewe haikujua leo ni tarehe gani, na sisi tulikuwa tunaitabiria siku ya kubadilishwa! Shule nzima ilingojea mashini mpya kwa sababu ya kibetri.

Nyuma ya siku ile mwalimu akatufungulia zile mbili zilizofunikwa kitambaa. Ya kwanza iliungua kwa umeme uliopanda gafula; ubao wake mkubwa umekufa, haitafufuka. Lakini memori yake ilikuwa nzima, na ya namna ileile. Tuliitoa, tukaiweka katika mashini yetu: kutoka gigabaiti 4 ikafika 8, bila kulipa hata franga moja. Miaka yote hiyo ilikuwa inalala hatua tatu kutoka hapo inapotakiwa. Ya pili ina ubao mzima, ila diski yake imevunjika. Kwa hiyo hiyo ya pili haikufa. Inangojea diski tu.

Kisha fundi mmoja wa mjini akatuazima kwa siku moja diski ya SSD. Hiyo haina sahani wala kitu kinachozunguka, ni viini tu. Mwalimu akaiweka katika mashini yetu, akapakia programu, akaiwasha. Nilikuwa na saa yangu ileile. Mbele ya dakika moja kwisha, jedwali lilikuwa wazi. Yule dada wa Komersiali alisema: "Njo ileile mashini?" Ndiyo, ni ileile, prosesa ileile ya 2012. Kumbe prosesa haikuwa na kosa, ni diski iliyokuwa inaifunga miguu. Jioni fundi akachukua diski yake, na kesho yake tukarudi kwenye dakika saba. Watu wamekasirika kuliko zamani, maana sasa wanajua.

Tuje kwenye feza. Komite ilitutangazia uwanjani kwamba sanduku la mchango lina dola 190. Mashini iliyotumiwa lakini inayokubali Windows 11 tuliulizia mjini, wanataka dola 350. Basi bado tunangojea. Mwaka uliopita pia tulikuwa tumefika karibu, zoruba ikapeleka mabati ya darasa mbili, feza zikaenda kwa paa. Simlaumu mtu, mvua ikiingia darasani paa ni la kwanza. Lakini tujifunze: feza inayongojea haikai peke yake, daima kuna shida inayoitafuta. Tena vitu havingojei bei. Mwishoni mwa 2025 bei ya memori za kompyuta ilipanda sana duniani, kwa sababu viwanda vinapendelea kuuzia majumba makubwa ya kompyuta za akili ya kuundwa. Mtu aliyesema "tungoje, itashuka" alipotea.

Fundi anataka dola 25 kwa SSD moja. Ninawaomba wakubwa wetu wapime mpango huu:

1. Tununue SSD mbili, dola 50. Moja kwa mashini inayotumika, nyingine kwa ile iliyolala. Tuongeze kibetri kwa kila moja. Tutakuwa na kompyuta mbili zinazowaka upesi.

2. Tuweke Linux katika ile itakayofungua intaneti. Linux ni programu ya bure iliyoanzishwa katika 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, naye alikuwa na miaka 21 tu. Namna moja yake, Linux Mint 22, inasema luga ya Kifaransa, inatosheka na gigabaiti 4 za memori, na itapata matengenezo ya ulinzi hadi 2029. Haiulizi prosesa ni ya kizazi gani. Ndani yake kuna LibreOffice ya barua na jedwali. Inachukuliwa kwa flashi, haitaki minervali.

3. Tununue onduleri moja, yaani kile kisanduku kinachoshika umeme dakika chache ukikatika na kuzuia umeme unaopanda. Ni umeme ulioua mashini ya kwanza, tusisahau. Mstari wa Inga, wenye kilometa karibu 1.700, uliofunguliwa katika 1982, unaishia hapahapa Kolwezi, lakini kuwa karibu na mwisho wa mstari si dawa ya kukatika.

4. Tuwe na daftari la mashini. Kila kipande kinachoingia au kinachotoka kiandikwe, na tarehe, na bei, na jina la aliyekiweka. Nakala ibandikwe ukutani, ili mzazi akija asimwulize tena mlinzi. Na wakati wa kiangazi wanafunzi wawili kila juma wafute mavumbi. Mavumbi yetu mekundu yanaziba feni, mashini inapata joto, inazimika, kisha tunasema ni uzee.

Hesabu ya wanafunzi 38 itakuwa hivi: mashini mbili, dakika 49 kila moja, jumla 98. Kila mmoja anapata dakika mbili na nusu na zaidi kidogo. Bado ni kidogo, sitawadanganya. Lakini ni zaidi ya mara mbili ya leo, na feza inabaki sandukuni ya kuendelea kutafuta ile ya dola 350.

Wako wanaopinga, na wana maneno ya kusikilizwa. Mwalimu mmoja wa Komersiali alisema programu ya hesabu za kampuni anayofundisha ni ya Windows, haikubali Linux. Ni kweli. Ndiyo sababu ninasema Linux iwekwe katika moja tu. Ile nyingine ibaki na Windows 10 kwa ajili ya somo lake, lakini tuikate na intaneti, na flashi za watu zisiingizwe ovyo humo. Mwingine alisema: "Ukipaka rangi nyumba ya zamani, bado ni ya zamani." Ni kweli pia. Ubao wa 2012 utakufa siku moja, na hakuna SSD itakayouponya. Hata mimi ninataka mashini mpya. Lakini mtu akisema tusitengeneze leo kwa kuwa kesho itakufa, basi wanafunzi wa mwaka huu watakuwa wamelipa mchango wa wanafunzi wa mwaka ujao, nao watatoka hapa na ile dakika yao moja.

Wengine wananinong'oneza kwamba tukitengeneza, wafazili wataona hatuna shida, hawataleta kitu. Mimi ninaamini kinyume. Mtu anayetaka kusaidia anapenda kuona mikono inayotumika. Akija akakuta daftari, mashini mbili zilizofufuliwa na wanafunzi wanaojua kufungua kifuniko bila kuvunja, atajua kwamba alicholeta hakitalala chini ya kitambaa.

Basi, wenzangu, kompyuta yetu itabadilishwa siku gani? Jibu langu ni hili: ilianza kubadilishwa siku ile kibetri kilipowekwa, ikaendelea siku memori ilipohamishwa kutoka mashini iliyokufa. Hatua ya tatu inataka dola 50 ambazo tayari ziko sandukuni, na sahihi ya watu wawili au watatu. Ninamwomba Prefe wetu na komite ya wazazi watujibu katika gazeti hili, namba inayokuja, wakikubali au wakikataa. Wakikataa, watupe sababu, tutaelewa. Lakini tusijibiwe tena "mwezi wa kenda". Wanafunzi 38 wa mwaka wa mwisho hawatakuwa hapa mwezi wa kenda.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Sayansi